Neno la Kufungia Bahari

Nchi ile ilikaa chini kuliko bahari. Ukisimama sokoni ukainua macho, uliona matumbo ya meli yakipita juu ya mapaa ya nyumba, na hakuna aliyeshangaa. Kilichoizuia bahari isiingie kilikuwa tuta la udongo lililoizunguka nchi nzima kama ukingo wa sinia. Katika tuta, mlango mmoja wa mbao. Na ili mlango ufungike, neno. Haikuwa Uholanzi, ingawa watu wake walisema Kiholanzi. Ukiwauliza nchi yao inaitwaje, walikutazama kama mtu aliyeuliza jina la hewa.

Huko jana na leo hazikutengana vizuri. Ziliungwa, jinsi watu wale walivyounga kila kitu, zikawa siku moja ndefu yenye mshono katikati, na mtu aliweza kuamka upande mmoja wa mshono akalala upande wa pili bila kujua amevuka. Zamda hakujua alifika lini. Ziko asubuhi alizokumbuka kwamba amekuja bibi harusi, hina haijafutika mikononi. Na ziko asubuhi alizokumbuka kwamba amekuja juzi tu, magoti tayari yanamuuma. Alichokijua kwa hakika ni kazi yake. Alikuwa mkataji. Alipewa neno refu akalikata silabi kwa silabi, akaliandika kwa chaki kwenye ubao mweusi: mstari mnene pale sauti inapoanguka kwa nguvu, mstari mwembamba pale sauti inapopita tu, na nafasi tupu pale sehemu moja ya neno inapokutana na nyingine. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kukaa nyuma ya wauza samaki akiwasikiliza wakigombana, kidole kikihesabu juu ya goti, maana mtu akigombana ndipo mkazo wa maneno yake unapojitokeza wazi.

Na neno lile halikuwa la kusemwa tu. Lilikuwa la kuvutia kamba. Bahari ikipwa, mlango uliachwa wazi ili maji ya mifereji yatoke. Bahari ikianza kujaa, watu walipanda juu ya tuta, wakashika kamba nene iliyopita kwenye kapi, wakauvuta mlango ufungike. Mwitaji aliita neno, akalirudia, akalirudia, mpaka mbao zigongane. Penye mstari mnene wote walivuta. Penye mstari mwembamba walishikilia, visigino vimezama udongoni, mlango usirudi nyuma. Penye nafasi tupu, kwenye mshono, wale ambao sehemu yao imetoka kutajwa walipumua, na wenzao wakawashikia.

Hapo zamani, au labda kesho, neno lilikuwa *deur* tu, yaani mlango. Watu wanne, silabi moja, wakivuta na kupumua wapendavyo. Kisha watu wakasema huu si mlango wa chumba, ni wa lango la maji; neno likawa *sluisdeur*, watu wanne wengine wakawekwa mbele yao kwenye kamba, na mkazo ukahamia kwa hao wa mbele: SLUIS-deur. Kisha ikaonekana bahari nayo itajwe. Likawa *zeesluisdeur*, wanne wengine mbele, na mkazo ukahama tena: ZEE-sluis-deur. Kila anayekuja huingia kwa mbele, na anayeingia kwa mbele huichukua sauti.

Jambo hilo lilimsumbua Zamda, hakupata utulivu nalo hata siku moja. Katika kinywa alichozaliwa nacho, kitu chenyewe hutajwa kwanza: mlango, kisha wa nini, kisha wa wapi. Na uzito wa sauti hukaa karibu na mwisho, kwenye silabi ya pili kutoka nyuma, kama mtu mzima anayemwachia mtoto nafasi ndogo ya kukaa. Hapa kitu chenyewe kilisukumwa mwisho. Ondoa bahari, ondoa lango, mlango bado ni mlango. Lakini ondoa mlango, utabaki na bahari ya nini? Na bado sauti ilikuwa ya bahari, na mlango ulitajwa kwa pumzi iliyobaki. Zamda hakusema kwamba ni vibaya. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alisema tu, kila alipotembea, na siku hizo alitembea sana, jikoni hadi uani, uani hadi jikoni:

Anayetajwa. Anayebeba.

Anayetajwa anapumua. Anayebeba je?

Nani alianza kupanga?

Asubuhi ile mumewe, Ngwali, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, na Zamda alikuwa akimpaka mafuta ya samaki mbavuni. Ngwali alikuwa mtu wa nne wa *deur*, wa mwisho kabisa, yule wanayemwita mkia, ambaye kamba humzunguka kiuno ili isiponyoke. Kamba ilikuwa imemkata ngozi pande zote mbili, na akivuta pumzi kifua kilipiga mluzi mwembamba. Bahari ilipojaa mara ya mwisho alizimia amesimama. Hakuanguka kwa sababu kamba ilimshika.

"Polepole, bibie," alisema. "Hiyo ni ngozi, si unga."

"Ingekuwa unga ningeshakupika nikapumzika. Umehesabu?"

"Nimehesabu. Tatu."

"Pumzi tatu kwa mlango mzima?"

"Na zote za wizi."

Zamda aliujua wizi huo. Kanuni ilisema mshono uko kati ya sehemu na sehemu. Baada ya *zee* kuna mshono, watu wa *zee* wakapumua. Baada ya *sluis* kuna mshono, watu wa *sluis* wakapumua. Baada ya *deur* hakuna sehemu nyingine. Basi hakuna mshono. Basi hakuna pumzi. Neno lilirudi mwanzo papo hapo, ZEE, vuta. Watu wa *deur* walipumua kwa kuvizia, kama wanafunzi wanaotafuna darasani, na mkia, mwenye kamba kiunoni, aliweza kuvizia kidogo kuliko wote.

"Toka kwenye kamba, Ngwali. Nakuomba."

"Nitoke niende wapi?"

"Ukae hapa. Upumue."

Ngwali aligeuka taratibu, akajiegemeza ukutani. "Hapa mimi naitwa nani?"

"Ngwali."

"Kwako. Kwao mimi ni *deur* wa nne. Okke alitoka kwenye kamba, umemwona alivyo?"

Alikuwa amemwona. Okke alikuwa mtu wa *sluis* aliyeomba kupumzika. Tangu siku hiyo watu walimgonga njiani na hawakuomba radhi. Alisimama uani kwake mkono ameunyoosha ili asalimiwe, na jirani akamwanikia nguo mkononi.

"Mimi siwezi kuwa kamba ya nguo," Ngwali alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Afadhali mkia. Mkia angalau una ng'ombe."

Hodi ilipigwa. Aliyeingia alikuwa Bi Aleida, karani wa Baraza la Maji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, amebeba kitambaa kilichokunjwa mara nyingi.

"Habari za hapa?"

"Njema, mheshimiwa. Karibu ukae."

"Sikai sana. Nimewaletea neno." Alianza kukunjua kitambaa, akakunjua, mpaka kikatoka nje ya mlango kikagusa uani. "Baraza limefikiri. Miaka yote hii mlango unafungwa kwa busara yake, na jina lake halimo. Si haki."

Zamda aliinama akasoma. *Waterraadszeesluisdeur*. Mlango wa lango la bahari la Baraza la Maji. Midomo yake ilikwenda yenyewe, kidole kikapiga goti: wa, ter, raads, zee, sluis, deur. Silabi sita. Mkazo mkuu mmoja, kwenye ile ya kwanza.

"Watu sita wataongezwa mbele," alisema Bi Aleida. "Wa Baraza. Wana glavu zao. Ubao uwe tayari bahari ikianza kujaa leo."

"Leo ipi?" aliuliza Ngwali.

"Hii, au ile iliyoshikamana nayo. Mchana."

"Mheshimiwa," Zamda alisema, "hapo zamani tulivuta mara moja katika silabi tatu. Sasa ni mara moja katika sita. Zile tano ni za kushikilia. Wa nyuma watashikilia zaidi ya mara mbili ya zamani, na hawana mshono."

"Lakini wamo kwenye neno," alisema Bi Aleida, na hakuwa anadhihaki. Alilisema kama mtu anayempa mwenzake blanketi. "Wako wengi ambao hawamo kabisa."

Alipoondoka, Ngwali alikuwa anahesabu vidole vyake, akirudia silabi moja moja bila sauti. Alifika ya tano akakosa hewa. Walitazamana. Wote wawili walijua: neno lile kwa kanuni ile lingemuua kabla mlango haujafika nusu.

Zamda alitoka. Hakuweza kukaa. Alipita kando ya mfereji, akapita madaraja, na kila kitu alichokitazama kilikuwa kimeungwa na kitu kingine, mlingoti na tanga, mkate na kisu, nyumba na nyumba, na katika kila muungano aliona kimoja kinapaza sauti na kingine kinainamisha kichwa. Je, ndivyo ilivyo kila mahali? Viwili vikikutana, ni lazima kimoja kishuke? Labda hata yeye na Ngwali. Nani kati yao ndiye silabi ya mbele? Nyumbani yeye ndiye anayesema, Ngwali ndiye anayebeba. Hakupenda wazo hilo, akalipita haraka kama anavyompita mbwa, lakini lilimfuata. Na ikiwa aliyeshushwa alikuwa na uzito wake mwenyewe siku alipokuwa peke yake, uzito huo unakwenda wapi? Unapotea? Kitu kinawezaje kupotea ndani ya kitu kinachokitaja?

Hilo lilimsimamisha. Akageuka, akaenda kwa Teunis.

Teunis ndiye aliyekuwa mwitaji, mzee mwenye shingo nene na masikio yaliyojaa nywele. Alikuwa amekaa kibarazani pake akisukutua kwa maji ya chumvi.

"Mzee Teunis, sema *zeesluisdeur*. Polepole. Niweke mkono kooni."

"Mkeo akikuona?" aliuliza mtu dirishani. Alikuwa Hidde, jirani, mtu wa kwanza wa *zee*, mwenye mdomo usiolala.

"Mke wangu alikufa, mpumbavu wee."

"Basi hata akikuona hatasema."

Teunis alitema maji upande wa dirisha, akalisema neno. Zamda alifumba macho. Chini ya kiganja chake ZEE ilipiga kama ngumi mlangoni. *Sluis* ikapita. *Deur* ikapita. Hapana. Haikupita hivi hivi.

"Tena."

"Unanitekenya."

"Tena, mzee wangu."

Alilisema mara tisa. Katika ile ya tisa Zamda alikuwa na hakika. *Sluis* ilikuwa na uzito wake mdogo. *Deur* ilikuwa na uzito wake mdogo. Ulikuwa umekunjwa, lakini ulikuwapo, tofauti kabisa na ile *ter* ya mwisho wa *water*, ambayo haina chochote, haijawahi kuwa na nyumba yake. Kila sehemu iliyokuwa neno peke yake ilikuja na kitu mfukoni, ikakaa nacho. Mkazo mkuu haukuwaua wale wengine. Uliwafunika.

"Ulijua?" alimwuliza.

Teunis alijipangusa kidevu. "Nani asiyejua? Koo linajua. Mimi huumeza tu. Ukiita mikazo yote, wa mbele wanaudhika."

"Ningeudhika," Hidde alisema kutoka dirishani. "Kisha ningesahau. Mimi nasahau upesi."

Zamda alirudi nyumbani akaandika. Alikata kwa utaratibu, kama kawaida yake. Ile *s* ndogo kati ya *raad* na *zee*, sauti ya gundi isiyo ya Baraza wala ya bahari, aliigandisha upande wa Baraza, maana ndiko kinywa kilikoiacha. Akaandika wa-ter-raads pamoja, maana Baraza lilikuja likiwa jina moja zima, akaacha nafasi, zee, nafasi, sluis, nafasi, deur. Juu ya *wa* aliweka mstari mnene kuliko yote, ili asimnyime mtu haki yake. Juu ya *zee*, *sluis* na *deur* aliweka mistari ya unene wa kati, ambayo hakuna mkataji aliyewahi kuiandika: hapo watu wa sehemu hiyo wavute kidogo, kwa nguvu yao wenyewe. Kisha alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Chaki ilikuwa imemvunjikia mara mbili. Baada ya *deur*, mahali ambapo ubao ulipaswa kuisha, aliacha nafasi tupu, pana kuliko zote.

Juu ya tuta upepo ulikuwa mkali na jua lilikuwa katikati ya anga. Bahari ilikuwa imeanza kugeuka. Watu kumi na wanane walikuwa wamejipanga, sita wa Baraza mbele karibu na kapi, glavu zao nyeupe zikimeremeta, kisha *zee*, kisha *sluis*, kisha *deur*, na mwisho Ngwali, akijifunga kamba kiunoni juu ya kitambaa alichofungiwa na Zamda.

"Mkia!" Hidde alimwita. "Leo usilale kazini!"

"Nikilala utajua," Ngwali alijibu. "Utajikuta baharini."

Bi Aleida alisoma ubao. Alisoma bila haraka, na Zamda alimheshimu kwa hilo.

"Hii mistari ya kati?"

"Ni mikazo midogo, mheshimiwa. Imo kwenye neno tangu zamani. Muulize mwitaji."

Teunis alitazama viatu vyake. "Imo," alisema.

"Haimdhuru mtu. Iache. Na huu uwazi wa mwisho?"

"Ni mshono."

"Baada ya neno hakuna neno, Bi Zamda."

"Kuna neno hilohilo. Linarudi. *Deur* inakutana na *wa*. Penye kukutana pana mshono."

Karani alipitisha kidole juu ya ubao, kutoka *deur* hadi *wa*. Nyuma yake maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe la kwanza la kupimia kina. "Ninaona," alisema mwishowe. "Sikuwa nimeliona. Basi na lijaribiwe. Likiharibika, mkono ulioandika ni wako."

Teunis akaita.

WA, na kumi na wanane wakavuta, mlango ukalia. *Ter, raads*, watu wa glavu wakaachia mikono kwa heshima na kupumua. *Zee*, wanne wakavuta kidogo. *Sluis*, wanne wakavuta kidogo. *Deur*, na Zamda aliona mgongo wa Ngwali ukijikunja, akivuta, havutwi, akivuta kwa silabi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu neno liwe refu. Kisha nafasi tupu ikafika.

Hapo ndipo alipoona kosa lake, kabla halijatokea, kama mtu anayeona kikombe kikiwa bado mezani. Alikuwa ameandika mahali pa pumzi. Hakuwa ameandika nani atashika. Ile mishono mingine ilikuwa na watu wa nyuma wa kushikilia. Tangu zamani wa nyuma walikuwapo, hata hakuna aliyefikiri kwamba kuna anayeshikilia. Sasa wa nyuma wenyewe walikuwa wanapumzika, na uwazi kwenye ubao, kwa kuwa haukuwa na jina la mtu, kila mtu aliudhani wake. Watu kumi na saba walivuta pumzi kwa pamoja na kulegeza vidole.

Mlango ulirudi nyuma kwa kishindo. Bahari iliingia kwa ulimi mmoja mpana, ikapita mferejini, ikapanda nyumba za chini hadi vizingiti. Kamba ilikimbia mikononi mwa watu, ikawachoma, nao wakaiachia kabisa. Mmoja tu hakuweza kuiachia. Ilimwangusha Ngwali, ikamburuta kwa kiuno juu ya tuta, akipita mbele ya *deur* wenzake, mbele ya *sluis*, mbele ya *zee*, mbele ya watu wa glavu, mpaka kapi likamzuia. Kwa muda mfupi mkia ulikuwa mbele ya wote.

Zamda alikuwa wa kwanza kumfikia. Alikuwa hai. Damu ilikuwa imepita kwenye kitambaa.

"Nimeandika vibaya," alimwambia. "Mimi. Nimeandika vibaya."

"Ilikuwa nzuri," alisema Ngwali, macho yakimzunguka. "Ile ya kuvuta. Ilikuwa nzuri sana. Nisimamishe."

"Husimami."

"Maji yanaingia, mwenzangu. Nirudishe mahali pangu."

Walimrudisha, kwa kuwa alikuwa anatambaa kwenda mwenyewe. Hidde alimshika bega moja na Zamda bega la pili. Maji yalifika jiwe la tatu. Bi Aleida alikuwa amesimama kando ya ubao, uso mweupe, kitambaa chenye neno kimetapakaa miguuni pake.

"Futa uwazi," alisema. "Turudie kwa kanuni. Upesi."

Zamda alichukua kitambaa cha kufutia. Mkono ulikwenda mpaka kwenye ubao ukasimama.

Nikifuta, mlango utafungika.

Nikifuta, nchi itakauka. Watoto wa nyumba za chini. Wauza samaki.

Nikifuta, neno moja, mawili, matatu. La nne hatalimaliza.

Kuna kosa katika uwazi? Hapana. Uwazi ni sahihi. Kosa ni kwamba uwazi hauna mtu.

"Mtashika?" aliwauliza watu wa glavu. "Penye uwazi. Pumzi moja tu."

Yule aliyekuwa mbele kabisa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi ni *wa*, mama. Sisi tunavuta. Kushika hakuko kwenye silabi yetu."

Alikiweka kitambaa chini. Kisha aliiweka chaki chini, juu ya kitambaa, akatembea nyuma ya mstari wote wa watu mpaka mkiani.

"Bi Zamda," Bi Aleida aliita, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilipanda. "Mkono unaokata haugusi kamba. Unajua kwa nini. Mwenye maumivu hawezi kupima. Ukiigusa, ubao si wako tena."

"Najua."

"Na huna sehemu. Hakuna silabi ya kukutaja. Utasimama wapi?"

"Hapo palipo tupu," alisema Zamda.

Alipita mbele ya Ngwali, mgongo wake ukagusa kifua cha mumewe, akaichukua kamba akaizungusha kiunoni mwake mara mbili. Ilikuwa nzito na baridi na imejaa chumvi. Miaka yote aliyoipima hakuwahi kujua kwamba inatetemeka, kwamba bahari inasikika ndani yake yote kama ugomvi wa chumba cha pili. Tayari aliona macho ya watu yakimpita. Mwanamke wa *sluis* aliyemsalimu kila siku alitazama mahali aliposimama, akatazama ng'ambo yake. Ndivyo Okke anavyoona, aliwaza. Ndivyo inavyokuwa. Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na upepo.

"Huwezi kuishika peke yako," Ngwali alimwambia sikioni.

"Sitaki kusikia."

"Sikukatazi. Nakwambia tu huwezi."

Mbele yao Hidde alikohoa. "Nyie *zee*," aliwaambia watatu wake, bila kugeuka, "sisi tunapumua mapema. Tukifika huko mwisho vifua vimeshajaa, hata havina kazi. Au nakosea?"

"Hukosei, lakini unaongea sana," mmoja alijibu.

"Basi tushike na yule mtu wa uwazini. Simwoni, lakini nasikia kamba imekaza."

Teunis alitazama ubao, uliokuwa na alama zake zote. Alimtazama karani.  Karani alikuwa anakikusanya kile kitambaa kirefu kisilowe. Mzee alivuta hewa akaita.

WA. *Ter, raads*. *Zee*. *Sluis*. *Deur*.

Kisha hakukuwa na silabi. Uzito wote wa bahari ulimwangukia Zamda mbavuni, na kwa mara ya kwanza alijua kwa mwili kile alichokuwa akikiandika kwa chaki nyembamba. Miguu ilizama hadi vifundoni. Mahali fulani mbele mikono minane ilikaza, kisha minane mingine, ya watu wasiomwona. Kamba ilisogea kidogo mbele, ikasimama. Nyuma ya shingo yake Ngwali alifungua kinywa akaingiza hewa, nayo iliendelea kuingia, ndefu, yenye mluzi, ikafika mahali pa chini ambapo haijafika tangu neno likiwa fupi, ikakaa humo, ikatoka yote.

Teunis aliingoja mpaka ikaisha. Ndipo alipoita.